Ndege mwenye pete ya Helsinki kaanguka kwenye paa Tudor. Nimfanyeje?

Fundi Dishi (Tudor)

Asalaam aleikum jamaa, na habari za asubuhi kwa wote.

Mimi ni fundi wa dishi na kamera za ulinzi hapa Mombasa, kazi zangu nyingi ziko Tudor na Makupa. Mambo ya ndege siyajui. Ninayemjua ni kunguru, na huyo tunajuana kwa uadui kwa sababu hunidonolea nyaya. Sasa limenifika jambo, nataka wenye ilimu yake wanisaidie kabla sijapotezwa na watu wa maskani.

Jumatano alfajiri niliitwa flati moja ya ghorofa saba, kamera za juu zimeingia maji. Usiku kucha yalikuwa manyunyu ya vuli, yale yasiyokulowesha lakini yanakutia baridi, na mbingu imefunga, hakuna mwezi wala nyota. Mwenye nyumba aliibiwa betri za sola mwaka huu, akaapa, akatia taa nne za ledi kila pembe ya paa. Zikiwaka unaona mpaka mikoko ya ng'ambo. Niliposukuma mlango nikaona kama majani makavu ya mwembe yametapakaa sakafuni. Nikajiuliza, mwembe gani huu wa ghorofa saba? Jani moja likaruka.

Walikuwa ndege saba. Wawili waliruka papo hapo, wanne walikuwa wamejikunyata chini ya tangi la maji, macho wazi lakini hawana haja na mtu. Niliwatia kwenye boksi tupu la kamera nikalitoboa matundu, nikaliweka kivulini. Jua lilipopanda nikafungua, wakaondoka mmoja mmoja bila hata asante. Wa saba alikuwa amelala chali karibu na taa, amekufa.

Huyo wa saba ndiye aliyenileta hapa. Amempita shomoro kidogo kwa ukubwa. Mgongo rangi ya udongo, mkia umeingia wekundu wa kutu, kifua kimechafuka kijivu kama shati jeupe la gereji. Jicho kubwa, kubwa kuliko uso wake unavyostahili. Na mguuni ana pete ya chuma cheupe. Nilipiga picha kwa simu nikaikuza: MUSEUM ZOOL. HELSINKI FINLAND, halafu herufi na tarakimu zilizosuguka.

Nikafanya kosa la kumpeleka maskani wakati wa kahawa. Mmoja akasema hiyo ni hirizi ya mtu, katupe baharini na usiangalie nyuma. Wa pili akasema ni jasusi, pete ina chipu, saa hii wanakuona mpaka rangi ya kikoi. Wa tatu aliuliza tu kama analiwa.

Nilimpima kwa mizani ya duka la viungo, ile ya iliki na zafarani: gramu 22. Sasa nauliza. Pete hii ina chipu kweli? Kiumbe wa gramu 22 atatokaje Finland mpaka Tudor kwa mbawa zake? Na huyo wa Helsinki aliyemvika atajuaje alipitia wapi? Kwa sasa ndege yuko kwenye friza ndani ya karatasi mbili za nailoni, chini ya samaki. Mke wangu hajui, na naomba ibaki hivyo.

Kijana wa Likoni

Yakhe huyo kapotea, alikuwa anakwenda Diani na watalii wenzake 😂

Mama Nyavu (Taveta)

Fundi, umefanya vizuri kuliko unavyodhani. Boksi lenye matundu, kivulini, bila kuwalazimisha maji wala ubwabwa, ndivyo inavyotakiwa. Wengi huwaua kwa huruma.

Mimi nilijitolea Ngulia, kule Tsavo wanakowavika ndege pete, misimu miwili, kwa hiyo nitasema ninachokijua kwa mikono.

Pete haina chipu. Ni aluminiamu tupu, namba na anwani, basi. Ni kama jina la mtoto na la shule yake ndani ya daftari: linangoja mtu mwema aliokote. Aliyeanza hivyo kwa mpango ni mwalimu mmoja wa Denmark, Hans Christian Mortensen, mwaka 1899, akawavika kwezi wa mji wake wa Viborg. Kabla ya hapo watu walikuwa wakibahatisha. Wako walioamini mbayuwayu hulala ndani ya tope la maziwa baridi lote. Ushahidi mmoja mkubwa ulikuwa korongo aliyeonekana Ujerumani 1822 akiwa na mkuki wa Kiafrika umepita shingoni, bado anaruka. Masikini, katoka huku na barua yake mwilini. Mpaka leo amewekwa Chuo Kikuu cha Rostock.

Halafu Mei 1911 Mwingereza mmoja aitwaye Masefield alimvika pete mbayuwayu nyumbani kwake Staffordshire. Desemba 1912 ikaandikwa barua kutoka Natal, Afrika Kusini: ndege wako kaingia ndani ya nyumba ya shamba huku. Hakuna aliyejua kabla ya siku hiyo kwamba mbayuwayu wa Uingereza hufika mpaka kule. Kilichohitajika ni mtu mmoja wa Natal asiyetupa pete. Wewe ndiye yule wa Natal, Fundi.

Sasa hilo la taa. Hadithi yako imenirudisha Ngulia moja kwa moja. Hoteli ile iko Tsavo Magharibi, ukingoni mwa mlima, na ina taa kubwa za kumulikia wanyama wanaokuja kunywa maji usiku. Mwezi wa Novemba na Desemba ukungu hupanda usiku wa manane. Ndege wanaotoka Ulaya na Asia husafiri usiku, maelfu kwa maelfu, juu kabisa, wewe umelala huna habari. Mwezi ukiwa hakuna na ukungu ukashuka, nyota wanazoziangalia hupotea, na kitu pekee kinachong'aa ni ile taa. Wanashuka kama mvua. Tangu 1969 watu wanategea nyavu pale kwa msimu huo. Walioiongoza kazi hiyo kwa miaka mingi ni Graeme Backhurst na David Pearson, na waliovikwa pete sasa ni mamia ya maelfu. Baadhi ya pete za Ngulia zimeokotwa Urusi na Saudia.

Kazi yenyewe ni hivi. Nyavu ni nyembamba nyeusi, gizani huzioni hata ukizigusa na pua. Unamtoa ndege, unamtia kwenye kifuko cha kitambaa chenye kamba, unavitundika vifuko mezani vinachezacheza kama mahamri kwenye mafuta. Unamshika shingo ikiwa katikati ya kidole cha shahada na cha kati, mgongo kiganjani, hapumui kwa shida. Unampima bawa kwa rula. Kisha unampulizia tumboni, fuu, manyoya yanafunguka, ngozi ni nyembamba kama karatasi ya vitumbua na chini yake unaona mafuta ya manjano. Mwenye mafuta mengi ana safari mbele yake. Asiye nayo ametoka safarini. Huyo wako wa gramu 22, ningempulizia, nina hakika ningeona nyama nyekundu tupu.

Paa la mwenye nyumba wako ni Ngulia ndogo, tofauti ni kwamba Ngulia kuna watu wa kuwapokea.

Fanya hivi: ivue pete bila kuikata namba, ipige picha pande zote, andika tarehe, mahali, na namna ulivyompata. Waandikie Makumbusho ya Historia ya Asili ya Helsinki, wanaita Luomus. Nakala wapelekee kitengo cha ndege cha Makumbusho ya Taifa, Nairobi. Na ikitokea siku nyingine umepata aliye hai ana pete, soma namba, mpige picha, mwachie nayo. Usimvue.

Kijana wa Likoni

Mama, hilo la ujasusi bado sijaridhika. Wazungu hawatumii pesa bure.

Mama Nyavu (Taveta)

Hauko peke yako mwanangu. 2011 Saudia walimshika tumbusi aliyebeba kifaa cha Chuo Kikuu cha Tel Aviv, magazeti yakaandika jasusi. Mwana wa mfalme anayesimamia wanyamapori ikabidi ajitokeze kusema ni ndege tu, na waandishi wangoje wasikie kwanza. Pete ya kwetu haina hata betri ya saa. Itapeleleza kwa kutumia nini?

Mkibokoni wa Tampere

Fundi, nimezaliwa Kibokoni, sasa naendesha basi Tampere, Finland, mwaka wa tisa. Nimeona neno Helsinki kwenye kichwa cha habari moyo ukaruka.

Kwa maelezo yako, mkia wa kutu, kifua cha kijivu kilichochafuka, jicho kubwa, huyo namjua kwa jina la huku: satakieli. Sata ni mia, kieli ni ulimi, au lugha. Ndimi Mia. Wenye vitabu humwita Luscinia luscinia. Hufika kusini ya Finland mwezi wa tano, anaingia kichakani karibu na maji, na anaimba usiku. Si kuimba kwa kulialia. Anagonga, anakereza, anapiga mluzi, ananyamaza kidogo kama anameza mate, anaanza upya. Kuna kituo cha basi changu cha mwisho kando ya mto, nikizima injini saa sita usiku ananiziba masikio. Kumwona ni kazi. Miaka tisa nimemwona mara mbili. Wewe umemtia kwenye friza!

Kuhusu kujua amepitia wapi, kuna kifaa kingine siku hizi, na mimi nilikielewa kwa ratiba ya swala. Nisikilizeni.

Kifaa chenyewe ni kidogo, ndege wa saizi hii hubebeshwa kisichozidi gramu moja na kitu. Anavikwa mgongoni kwa kamba zinazopita mapajani, kama begi la shule. Hakirushi habari popote. Ndani kuna jicho la kupima mwanga, saa, na kumbukumbu. Kila baada ya muda kinaandika: giza, giza, mwanga, mwanga. Basi. Sasa wewe wa Mombasa unajua adhuhuri ya hapo hutangulia ya Kisumu kwa dakika kama 20, kwa sababu jua linakupitia wewe kwanza. Kwa hiyo nikijua jua lilikuwa utosini kwa ndege saa ngapi, kwa saa isiyobadilishwa, najua yuko mashariki au magharibi kiasi gani. Na urefu wa mchana? Nyinyi mwafunga saa kumi na tatu hivi mwaka wowote Ramadhani iangukie. Huku mwezi wa sita Helsinki jua linatoka saa kumi kasoro alfajiri na kuzama saa tano kasoro usiku. Mtu akinipa ratiba ya futari bila jina la mji, nitakuambia mji uko kaskazini kiasi gani. Ndege amebeba ratiba ya futari, hilo tu.

Udhaifu wake nao ni ule ule. Machi na Septemba, siku zile mchana na usiku vinalingana, dunia nzima tunafunga saa karibu sawa. Hapo kifaa kinajua umeelekea mashariki au magharibi lakini kaskazini na kusini kinapotea kabisa. Na bahati mbaya Septemba ndiyo wakati ndege wenyewe wako njiani.

Shida kubwa zaidi: lazima umkamate tena ndege yule yule mwaka unaofuata ukivue. Harudi, huna kitu.

Fundi Dishi (Tudor)

Mkibokoni, umenifungua kichwa. Mimi kazi yangu ni kutafuta setilaiti kwa nyuzi, na hakuna aliyewahi kunieleza longitudo kwa adhuhuri.

Lakini kwa nini wasimtie GPS tu? Nauza trakaa za pikipiki, ndogo kama kiberiti.

Mama Nyavu (Taveta)

Kiberiti chako kina gramu ngapi, Fundi? Kanuni ni kwamba mzigo usizidi asilimia tatu mpaka tano ya uzito wa ndege. Kwa Ndimi Mia hiyo ni kama gramu moja tu, pamoja na gundi na kamba. Kinachokula uzito ni betri ya kurusha habari. Ndiyo maana kile kisichorusha kitu kikawa ukombozi wa ndege wadogo. Walioanza kuwavika ndege waimbao ni timu ya Bridget Stutchbury wa Kanada, 2007 kule Pennsylvania. Jike mmoja wa jamii ya mbayuwayu alirudi kutoka Brazili, kilomita 7,500, kwa siku 13. Kabla ya hapo watu walikuwa wakikadiria mwendo mdogo sana.

Na kwa swali lako la gramu 22, nikupe jibu litakalokunyamazisha. Alaska kuna ndege wa mawe, Oenanthe oenanthe, gramu 25. Tunaye Kenya kila kaskazi, ukienda nyanda za wazi kama Tsavo anasimama juu ya kichuguu anatikisa mkia. Wataalamu waliwavika 30 kule Alaska, wakawapata tena watatu tu. Matokeo yalitoka 2012. Wote watatu walikuwa wamekuja Afrika Mashariki: Sudan, Uganda, Kenya. Wakakatiza Siberia yote na Arabuni. Kilomita 14,500 kwenda, na nyingine kama hizo kurudi. Kuja walitumia siku 91 kwa wastani, kurudi 55. Kurudi wana haraka, anayechelewa hukuta mwenzake ameshika kiwanja.

Basi wa kwako ni jirani tu.

Nahodha Mstaafu

Vijana, mimi macho hayaoni vizuri, mjukuu ananiandikia.

Nimekwenda majahazi tangu kijana. Tukipeleka boriti za mikoko Arabuni kwa kusi, tukirudi na kaskazi na tende na chumvi. Tukiwa tunarudi, tumeikaribia Ras Hafun, usiku mmoja vindege wadogo waliingia chomboni mpaka ukiweka mguu unaogopa. Walikaa kwenye foromali, kwenye kamba, juu ya kichwa cha mpishi aliyelala. Hawaogopi mtu. Nahodha wetu wakati huo, Mungu amrehemu, alikataza asiguswe hata mmoja. Alisema hawa ni abiria, nauli yao atalipa mwenye bahari. Tuliweka maji kwenye vifuu huko tezini. Asubuhi baadhi walikuwa wamekufa, tukawatia majini. Waliobaki walingoja upepo ukaze, wakapaa wote kwa pamoja kuelekea nchi kavu.

Nasoma hapa mambo ya kifaa na ratiba, vizuri sana. Nasema tu kwamba kaskazi haiwaleti Waarabu peke yao. Huo upepo wanausubiri kama tulivyousubiri sisi.

Fundi Dishi (Tudor)

Shikamoo Nahodha. Marehemu babu yangu alikuwa fundi wa matanga Mji wa Kale, yamkini mlijuana.

Sasa Mama Nyavu, wa kwangu alipitia wapi? Kwa kukisia tu.

Mama Nyavu (Taveta)

Kwa kukisia, nikufuatishie waliopimwa. Wasweden waliwavika Ndimi Mia kile kifaa cha mwanga wakakuta hawaji kwa pumzi moja. Wana vituo vitatu. Kwanza wanashuka Sahel, upande wa Sudan, wanakaa wiki kadhaa wakila wadudu wa baada ya mvua. Mvua ya kule ikikauka wanasogea Ethiopia na kaskazini mwa Kenya. Vuli ikimalizika wanashuka tena kusini ya Afrika. Yaani anaifuata mvua kama mfugaji. Huyo wako alikuwa katikati ya ngazi ya pili na ya tatu, na vuli yenyewe ndiyo iliyomwangusha.

Kuna jaribio moja la hao hao Wasweden nalipenda kuliko yote. 2001. Walichukua Ndimi Mia wachanga ambao hawajawahi kusafiri, wakawaweka kwenye vizimba vyenye koili za umeme, wakaubadilisha usumaku polepole uwe kama wa njia ya kwenda kaskazini ya Misri. Ndege wako Sweden, hawajatoka kizimbani. Wakaanza kula na kunenepa kuliko wenzao walioachwa na usumaku wa kawaida. Miili yao ilisoma "jangwa liko mbele" wakajaza tangi. Hakuna aliyewafundisha.

Na ule ukame wa 2011, wa Pembe ya Afrika, mnaukumbuka kwa yaliyotokea Garissa na Dadaab. Mwaka ule Ndimi Mia na wenzao fulani walichelewa kufika Ulaya ya kaskazini, watu wakashangaa. Vifaa vilipotolewa mgongoni ikaonekana walikaa zaidi hapa Pembe, hawakupata mafuta ya kuondokea. Njaa ya Wajir ilisikika Denmark kwa ukimya wa vichaka.

Hapa Kenya huimba pia, lakini kwa sauti ya chini, kama mtu anayejikumbusha kasida. Nimewasikia Ngulia vichakani saa moja asubuhi. Wako na wenzao wengine wadogo wa matete, Acrocephalus palustris, ambao ni wezi wakubwa wa sauti. Bibi mmoja, Françoise Dowsett-Lemaire, aliwasikiliza Ubelgiji akahesabu ndege wanaowaiga: 99 wa Ulaya na 113 wa Afrika. Unakaa Ubelgiji kando ya mto unasikia ndege wa nyikani kwetu. Aliweza kukisia wamepita nchi zipi kwa sauti peke yake, miaka ya sabini, bila kifaa chochote.

Kijana wa Likoni

Sawa, hapo nimekubali. Jasusi anayerudi na lafudhi.

Fundi Dishi (Tudor)

Narudi baada ya wiki tano. Samahani kwa kimya, Desemba ni kazi, kila mtu anataka dishi kabla ya wageni.

Niliandika Helsinki. Wakajibu haraka, kwa adabu kabisa, kwamba namba niliyotuma ni ya ndege wa aina nyingine, na kwa maelezo yangu haiwezekani akawa huyu. Je, naweza kuangalia tena? Niliona haya. Pete yenyewe niliifungua kwa koleo la kukatia kebo, nikaipinda. Niliangalia kwa miwani, kwa simu, kwa lenzi ya kamera ya ulinzi. Tarakimu ya nne bado ni 3.

Binti yangu wa darasa la tano ndiye aliyeimaliza. Aliinyoosha juu ya meza, akaiwekea karatasi ya daftari, akapaka penseli kwa ubavu, polepole. Herufi zikajitokeza nyeupe. Ilikuwa 8, upande mmoja umesuguka.

Jibu la pili lilikuja na cheti. Alivikwa pete Agosti mwaka jana, pwani ya kusini ya Finland, akiwa mtoto wa mwaka ule ule. Siku 462. Zaidi ya kilomita 7,200 kwa mstari ulionyooka, na Mama Nyavu ameshasema mstari haukunyooka. Nikapiga hesabu na binti yangu: alikuja mara ya kwanza mwaka jana, akarudi mwezi wa tano, na hii ilikuwa safari yake ya tatu. Ameivuka Sahara mara tatu akaja kuuawa na taa inayolinda betri.

Nilimwendea mwenye nyumba. Kwanza alicheka: "Kwa hiyo betri zangu zilindwe na ndege?" Nikamwambia nitamfungia sensa kwa bei ya kununulia, taa ziwake mtu akikanyaga paa, na bili ya stima itashuka. Ndege hakuwaelewa, bili aliielewa. Tangu nifunge, giza la mwezi limepita mara moja na kulinyesha. Nilipanda alfajiri tatu kuangalia. Mara mbili paa tupu, mara moja ndege mmoja chini ya tangi, mzima.

Mke wangu alijua. Alikuwa akitafuta kamba wa kupikia pilau. Sitasimulia.

Mkibokoni, ombi moja. Binti yangu ameiweka pete kwenye kiberiti, na swali lake ni sauti. Sisi tulimpata kimya. Mwezi wa tano ukimsikia hapo kwenye kituo chako cha mwisho, tafadhali mrekodie.

Mkibokoni wa Tampere

Inshallah. Mwambie nitazima injini kwanza.